Tela la Kupeleka Mbege Kibosho

Jumanne, 9 Agosti 1994

Siku njema. Nimepata wazo.

Wakwe watarajiwa wa Kibosho wameleta jibu. Tupeleke mbege, pombe yetu ya ndizi, Jumamosi ya tarehe ishirini. Wakiipokea na kuinywa, Mathew wangu ameoa. Padri atakuja kumalizia tu. Ikifika imechacha, au isipofika, mwanangu ataendelea kumtazama Evelyn kanisani kutoka benchi la wanaume mpaka azeeke.

Tatizo ni usafiri. Mbege ni mapipa mawili. Haiingii kwenye Pijo yangu. Inaingia vizuri sana kwenye Land Rover ya Primus. Primus ni kaka yangu, tumbo moja, kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kimepakana na changu. Hatujasemezana tangu Pasaka.

Mke wangu Lukresia ameona njia rahisi. Nikate jani la isale pale mpakani, nilishike kwa mikono miwili, niinamishe kichwa, niende kwa kaka nikaombe radhi. Isale haikataliwi. Hata mtu aliyechomewa nyumba akiletewa isale anasamehe, anapenda asipende. Amesema toka mlangoni kwetu hadi kwa shemeji yake chai haiwezi hata kupoa.

Mimi nimeona njia bora. Nitatengeneza tela.

Jumatano, 10 Agosti

Niandike ukweli wa Pasaka, maana kila mtu anausimulia kwa faida yake.

Ukoo wote ulikuwepo uwanjani kwa Primus. Mbuzi kachinjwa. Primus akasema, kwa sauti, kwamba Pijo yangu ni banda la kuku. Ni kweli kulikuwa na kuku ndani. Kuku mmoja! Alikuwa analalia mayai kiti cha nyuma, nami sikuona sababu ya kumsumbua wakati gari lenyewe lilikuwa halitembei.

Nikajibu kwa upole. Nikasema Primus akigawa mbuzi, kisu chake kinaijua njia ya kwenda jikoni kwake.

Wazee wakaacha kutafuna. Lukresia anasema kumwambia kaka mkubwa kuwa anapunja watu nyama, mbele ya ukoo, mbuzi akiwa bado juu ya majani ya mgomba, ni tusi lisilo na jina. Mimi nasema ilikuwa taarifa.

Tangu hapo Primus amesema hanijui mpaka nije na isale. Vizuri. Mimi pia simjui.

Leo nimekagua gari. Pijo 404, ya mwaka 1967, niliyoachiwa na daktari mmoja wa misheni aliporudi kwao. Alikuwa na haraka ya kuondoka. Hali ni nzuri kwa jumla. Tangi la petroli linavuja, lakini nimeziba kwa sabuni ya mche. Mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu. Rejeta inatoa machozi kidogo. Kuku amehamishwa, hakupenda.

Kuhusu ujuzi sina wasiwasi. Nilisoma ufundi wa magari kwa njia ya posta, vitabu vinne vizima. Cha tano, kinachohusu breki, hakikufika.

Ijumaa, 12 Agosti

Kazi imeanza kwa kasi!

Tela linahitaji vitu vitatu: fremu, ekseli na magurudumu. Ekseli nimeipata kwa jirani, alikuwa ameifanya kizuizi cha mbuzi. Magurudumu nimepata moja la Pijo na moja la trekta dogo. Tela limeinama upande wa kushoto. Ukilitazama ukiwa umeinamisha kichwa limenyooka kabisa.

Fremu ndiyo iliyonisumbua. Chuma kizuri hakuna. Maduka ya spea mjini siku hizi yamejaa, soko huria, kila kitu kinang'aa, lakini ukikipinda kwa mkono kinapinda. Nilihitaji chuma cha zamani. Nikazunguka nyumba yote nikiwaza.

Kitanda cha chumba cha wageni ni cha chuma cha zamani.

Nimekifungua taratibu, Lukresia akiwa shambani. Godoro nimeliacha sakafuni, nikalitandika shuka vizuri, likafunikwa lote. Kwa mbali huwezi kujua.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimelipeleka gari mjini kwa fundi Elisaria, anayechomelea mageti karibu na stendi, aniwekee ndoano ya kuvutia tela. Elisaria akalala chini ya Pijo kwa muda mrefu. Akatoka. Akaniuliza achomelee wapi. Nikamwambia achomelee palipo na chuma. Akauliza chuma kiko wapi, maana yeye ameona kutu tu na matope ambayo kutu imeshikilia.

Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu asiyependa kazi. Akaanza. Upande wa kulia ukatoka safi, cheche zinaruka hadi barabarani. Alipogusa upande wa kushoto umeme ukakatika. Mgao.

Akasema nisubiri mpaka jioni, au kesho kutwa. Nikamwambia mimi si mtu wa kusubiri. Kushoto nimefunga waya wa seng'enge, mizunguko mingi, nikaukaza kwa spana mpaka ukalia. Elisaria aliangalia kazi yangu. Akaomba watu wakiuliza nisimtaje.

Jumapili, 14 Agosti

Lukresia amegundua kitanda.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo linanitia wasiwasi. Aliingia chumba cha wageni, akatoka, akaenda uani kulitazama tela. Akapitisha mkono kwenye chuma cha kichwani, kile chenye maua. Akasema ni kitanda alichopewa na mama yake. Nikamweleza kwamba maua yatakuwa upande wa mbele na wakwe watayaona vizuri. Akarudi jikoni.

Mchana ameanza kuchemsha ndizi za mbege kwenye pipa lile kubwa. Zitakaa zichachuke siku kadhaa. Ijumaa atazichuja, atatia uji wa kimea cha ulezi, yaani mso, na Jumamosi asubuhi itakuwa tayari. Jumapili itakuwa siki. Mbege haina subira, kama mimi.

Primus amekuwa akiosha Land Rover yake tangu tulipotoka kanisani. Anaiosha upande ule unaotazama kwangu. Kisha akaizungusha akaosha na upande wa pili, ukiwa nao unatazama kwangu. Hiyo ni makusudi.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Misa ndefu. Padri amehubiri kuhusu ndugu wasiosemezana. Lukresia akanitazama. Mathew akanitazama. Ubavuni kwa Primus, shemeji Eunike, mkewe, akamtazama yeye. Mimi nilikuwa natazama juu, kwenye mabati ya kanisa, jinsi yalivyokazwa kwa bolti zenye kofia pana. Wazo zuri sana. Ningekuwa na mbili za namna ile upande wa kushoto wa ndoano, waya ungekuwa wa ziada tu.

Wakati wa kupeana amani nilipeana na watu wengi. Primus naye alipeana na wengi. Tulikuwa na bahati ya kuwa pande tofauti.

Jumanne, 16 Agosti

Jaribio la kwanza. Limefanikiwa kwa sehemu.

Nilipakia tela mawe badala ya mapipa, nikashuka na njia ya kihambani kuelekea barabara ya Uru. Pijo ilikwenda vizuri. Tela nalo likaenda vizuri, ila njia nyingine. Waya ulifunguka, ndoano ikageuka, nikaliona tela langu linanipita upande wa kushoto bila haraka, maua ya kitanda mbele. Likakata kona ambayo mimi sikuikata. Likavuka mpaka. Likaingia kwenye kahawa ya Primus na kusimama kwenye mti wa tatu.

Kwenda kulichukua kungekuwa ni kama kwenda kuomba. Nimeliacha. Nimemwambia Lukresia nimeliegesha.

Jumatano, 17 Agosti

Ajabu. Asubuhi nimekuta tela limerudi. Limeegemezwa upande wangu wa mpaka, nje kabisa ya isale. Mawe yameshushwa na kupangwa. Gurudumu la kushoto, lililokuwa na upepo hafifu, limejazwa.

Amejaza upepo kwenye tairi langu bila kuniuliza! Nimekaa nikafikiria kuutoa. Lakini pampu yangu imepasuka, nimeona niuache kwa sasa.

Lukresia amesema hiyo ilikuwa salamu, tena ya mkubwa kwa mdogo, na mtu mwenye akili angeijibu. Nikamwambia ilikuwa dharau. Akasema basi dharau ya namna hiyo na yeye angeitaka, amekaa miaka mingi hajajaziwa kitu.

Nimefunga ndoano upya. Safari hii nimetumia seng'enge na mnyororo wa mbwa. Mbwa hana tatizo, haendi mbali.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimewasha injini kuipasha moto. Rejeta haitoi machozi tena. Inalia.

Mjini wanauza dawa ya kuziba rejeta, ya kopo, imetoka Dubai. Sina imani nayo. Mafundi wa zamani walikuwa wanatia bizari, wengine yai. Mimi nimefikiri mbali zaidi. Kitu gani, kikiingia kwenye maji ya moto, kinavimba, kinanata, kinaziba kila tundu? Kila mtoto wa Kichagga anakijua! Kimea cha ulezi. Mama zetu wanakoroga mso kila siku, na chungu chenye ufa kikikorogewa mso hakivuji tena. Nashangaa Wafaransa walioiunda Pijo hawakuliona hili.

Kimea cha mbege kilikuwa jikoni, kwenye ungo, tayari kimesagwa. Lukresia alikuwa kisimani. Nimechukua kiasi. Halafu nikachukua kingine, maana rejeta ya Pijo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nilichobakiza nimekisambaza vizuri kwenye ungo, nikakipandisha juu katikati.

Matokeo: rejeta imeziba kabisa. Haitoi hata tone! Nimesimama uani nikiitazama kwa muda. Baba yetu angekuwa hai angejivunia. Nimetamani kumwonyesha mtu, lakini jirani pekee anayeelewa magari ni Primus.

Ijumaa, 19 Agosti

Lukresia ameshangaa kimea kimepungua. Amelaumu kuku. Nimekubaliana naye kuhusu kuku. Amekoroga mso mwepesi, akasema ataomba msamaha kwa wakwe yeye mwenyewe kama mbege itakuwa imepoa. Nilimwonea huruma. Nikaenda kukaza nati.

Tumepakia mapipa, tumeyafunga kwa kamba za katani. Tela limekaa chini kidogo, ila kwa heshima.

Nimewaalika wazee wa ukoo wapande Pijo. Wamekuja, wamelizunguka gari, wamelizunguka tela, wamesema wana usafiri. Sikuuliza upi.

Mathew anaenda na suti. Ameniuliza, kwa adabu sana, kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni baba yake. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumamosi, 20 Agosti

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Tuliondoka asubuhi. Mimi kwenye usukani, Lukresia pembeni, Mathew nyuma, suti imefunikwa kwa kanga kwa sababu kiti bado kina manyoya. Kushuka hadi mjini hakukuwa na shida, isipokuwa breki. Tela lilikuwa linatusukuma. Mzunguko wa mnara wa saa tuliupita kwa kasi, trafiki akatupigia saluti, au alikuwa anajikinga uso. Watu walisimama kutazama maua ya kitanda.

Nikatazama kwenye kioo. Land Rover ya Primus! Ilikuwa inatufuata kwa mbali, na wazee wote wa ukoo ndani. Nikamuuliza Lukresia ni nini hii. Akatazama nje. Akasema wazee walimwomba shemeji awabebe, na shemeji akasema Mathew ni mtoto wake pia, atakwenda ila hatasema neno na mimi. Nikaelewa. Anakuja kunicheka, na amebeba mashahidi.

Nikakanyaga mafuta.

Mlima wa Kibosho ulianza. Nusu ya mlima, Pijo ikaanza kunuka uji. Harufu nzuri kwa kweli, ya jikoni. Kisha moshi. Kisha ikazimika. Mathew akaruka akatia mawe nyuma ya magurudumu. Nikatolewa nje na Lukresia, maana mlango wangu haufunguki kwa ndani. Nikafungua boneti. Nikafungua kifuniko cha rejeta.

Nimesoma vitabu vinne vya ufundi, na kitabu cha pili kinasema wazi usifungue rejeta yenye moto. Lakini kile kitabu kinahusu rejeta yenye maji.

Mso uliruka juu ya nguzo ya simu. Ukashuka juu yangu. Uji wa ulezi, wa moto, uliokwisha kuanza kuchachuka! Usoni, kwenye macho, kwenye kofia. Sikuona kitu. Machozi yakaanza kutiririka yenyewe. Nikamsikia Lukresia akisema, taratibu, kwamba kumbe si kuku.

Lakini dereva hapotezi kichwa. Gari likiharibika barabarani ni lazima uweke majani nyuma, magari yanayokuja yajue. Nikaomba panga. Nikapapasa hadi kwenye ua wa kihamba cha jirani wa pale, nikakata matawi yaliyokuwa karibu na mkono, mengi, nikayapanga njiani nikirudi nyuma. Fungu la mwisho nikalishika mwenyewe kwa mikono miwili, nikasimama katikati ya barabara ili nilipungie gari la kwanza. Jua lilikuwa linanichoma macho, nikainamisha kichwa.

Gari la kwanza likasimama. Nikasikia mlango. Nikasikia viatu. Nikasikia watu wengi wakishuka garini.

Nikajitahidi kufungua jicho moja. Mbele yangu kulikuwa na tumbo la Primus. Juu ya tumbo, kofia yake ilikuwa mkononi. Nikatazama nilichoshika.

Isale.

Na barabara yote nyuma yangu, mpaka kwenye magurudumu ya tela, ilikuwa isale. Sijawahi kusikia mtu aliyeomba radhi kwa isale nyingi kiasi hicho. Hata mwenye kuchoma nyumba hupeleka jani moja.

Primus alichukua lile fungu kutoka mikononi mwangu. Akasema, "Basi, Thadeus. Basi, mdogo wangu. Nilikusamehe Pasaka ile ile jioni. Nilikuwa nasubiri tu uje."

Nikafungua mdomo kueleza kwamba ni sheria ya barabarani. Lukresia akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa viatu vya sherehe, vile vya kisigino. Nikatoa sauti. Wazee wakadhani ni kilio. Mmoja wao naye akaanza kulia. Primus akanikumbatia na uji wangu wote.

Niandike jambo moja hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Alinuka tumbaku na kahawa mbichi, kama zamani alipokuwa ananibeba mgongoni kunivusha mto kwenda shule. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo. Sikutaka aniachie haraka. Nadhani ni kwa sababu ya joto la rejeta.

Kisha akatoa kamba. Land Rover ikavuta Pijo, Pijo ikavuta tela. Ndoano yangu ilishika! Pijo haijawahi kupanda mlima vizuri namna ile tangu niipate. Tulifika kwa wakwe tumefungana kama mbuzi wa mnadani, mbege salama, mchana ule ule. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee wa upande wa msichana akasimama akasema ameona koo nyingi zikija kuposa, kila mtu na gari lake na hasira zake, lakini hawa wa Uru wamekuja kwa kamba moja. Watu wakaitikia.

Akachota kwa kata. Akaonja. Akauliza mbona mso ni haba.

Lukresia akashika kanga yake. Nilitazama chini, kwenye viatu vyangu, ambako mso ulikuwa mwingi tu.

Primus ndiye aliyejibu. Alisema sisi wa Uru tunapokwenda kwa watu tunaowaheshimu tunapika mbege nyepesi, ili wanywe nyingi na bado wayasikie maneno yetu. Mzee akacheka. Akaonja tena. Akasema kweli, hii inakwenda. Wakanywa mapipa yote mawili.

Mathew ameoa. Jioni Primus alituvuta hadi Uru, akaingiza Pijo na tela uwanjani kwake kwa sababu lango lake ni pana, akasema atanisaidia kuosha rejeta mwenyewe. Harusi ya kanisani ni Oktoba, na yeye ndiye atakayesimama kwa niaba ya ukoo.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Jumapili, 21 Agosti

Baada ya misa Primus alisimama nje ya kanisa na watu. Akawa anasimulia. Alisimulia vizuri, bila ubaya, na alikuwa ameniwekea mkono begani. Akasema mdogo wake alitandika isale kama mkeka, akalia kama mtoto.

Mtu mmoja akanipongeza kwa unyenyekevu. Nikashukuru. Wa pili akanipongeza. Nikatikisa kichwa. Katekista akasema nitatajwa kama mfano kwenye mafundisho ya kipaimara. Nikameza mate. Kisha mama mmoja mzee, ambaye hata simfahamu, akanishika shavu akasema ni mwanaume adimu anayekiri kosa lake hadharani.

Kosa lipi? Mimi nilisema kisu kinajua njia. Kinajua!

Nikaona ni haki ya watu kujua ukweli. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba yalikuwa majani ya tahadhari, kama sheria inavyotaka, kwamba nilikuwa nimeingiwa na uji machoni, na kwamba kama pale pangekuwa na mchongoma ningekata mchongoma.

Mkono wa Primus ukatoka begani kwangu. Akavaa kofia. Akaondoka na Eunike bila kutazama nyuma. Katekista akakumbuka ana shughuli. Lukresia alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tangu tuoane, na nimeyaona mengi.

Chakula cha mchana sikukikuta mezani. Mchana nimesikia lango la Primus likifungwa, na mnyororo.

Jumatatu, 22 Agosti

Hali ilivyo: Pijo na tela viko ndani kwa Primus. Lango limefungwa. Lukresia amesema isale ipo pale pale mpakani, safari hii nikate nikiwa macho yangu yanaona, na shemeji atanisamehe tena, kwa sababu ndivyo alivyo. Amesema hayo akiwa ameninyima mgongo na uso kwa wakati mmoja, sijui anafanyaje.

Nimemwambia haina haja. Nina njia bora.

Nimekaa asubuhi yote nikichora. Ni winchi. Ngoma yake itakuwa pipa moja la mbege, sasa ni tupu. Litafungwa kwenye mparachichi wangu, upande wangu kabisa. Waya mrefu utavuka mpaka, utaingia kwa Primus kupitia nyuma, utashika ndoano ya Pijo. Nikizungusha, gari linakuja lenyewe na tela lake, bila mtu kuombwa chochote. Miti ya kahawa iliyopo njiani ni michache, na mingine imezeeka. Kwa mkono wa kuzungushia nahitaji chuma kirefu na cha zamani, na nimekumbuka kuwa kitanda chetu sisi wenyewe nacho ni cha chuma.

Mathew amekuja kunikuta nikipima. Alisimama, suti ameitundika begani, inanuka uji hadi leo. Akaniuliza kama baba mkubwa atakuja kwenye harusi, kwa sababu bila yeye hakuna wa kumsimamia, na wakwe wameanza kuuliza.

Nimemwambia aondoe wasiwasi. Kufikia Oktoba winchi itakuwa imekamilika.